Nakala za Dalí na Magritte: unalipia picha au saini?

Saa zilizolegea na kuning'inia, alizozichora Salvador Dalí mwaka 1931, ni miongoni mwa picha za usurealisti zinazonakiliwa mno kwa ajili ya kuta za nyumba na ofisi. Usurealisti ni mkondo wa sanaa unaochota taswira kutoka ndotoni, na ilani yake ya kwanza ilitolewa na André Breton jijini Paris mwaka 1924.

Mchoro huo wa saa, ambao umo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York tangu 1934, ni mdogo ajabu: sentimita 24 kwa 33, ukubwa unaozidi kidogo tu karatasi ya A4. Nakala yenye upana wa mita moja imekuzwa mara tatu, na kama picha iliyotumika kuchapia ilikuwa hafifu, mnunuzi ataona ukungu mahali pa rangi.

Hata hivyo, mtego mkubwa zaidi uko kwenye saini. Mwaka 1974 maofisa wa Ufaransa walisimamisha gari lililokuwa likielekea Andorra na kulikuta na karatasi tupu zipatazo 40,000, zote zikiwa na saini ya Dalí. Kwa maneno mengine, saini yaweza kuwa ya mwenyewe kabisa ilhali picha iliyo juu yake ilichapwa na watu wengine. Mwaka 1990, huko Honolulu, Marekani, wafanyabiashara wa sanaa walitiwa hatiani kwa kuuza nakala bandia za msanii huyo.

Namba kama 45/300 humaanisha nakala ya 45 kati ya 300. Katika bango lililochapwa kwa mashine ni pambo tu. Cheti cha uhalali nacho ni karatasi, na yeyote mwenye printa aweza kukitoa.

Jambo la kuuliza ni idhini. René Magritte alifariki dunia mwaka 1967 na Dalí mwaka 1989. Sheria za Ulaya hulinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo, hivyo za Magritte zinalindwa hadi mwisho wa 2037. Nakala halali kwa kawaida huonyesha jina la mwenye haki, kwa herufi ndogo pembeni au nyuma. (Magritte, aliyechora kiko mwaka 1929 na kuandika chini yake kwamba hicho si kiko, pengine angefurahia mkanganyiko huu.)

Mara nyingi fremu ndiyo inayobeba bei, kwa hiyo omba ifunguliwe kwa nyuma. Kadibodi iwe isiyo na asidi, la sivyo karatasi itageuka manjano. Picha isiguse kioo, hasa katika miji yenye unyevunyevu kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako hunata na kuota ukungu. Wino wa pigmenti hustahimili mwanga kuliko wino wa kawaida, lakini hata huo hupauka ukutani panapopigwa na jua la mchana.