Zebaki Mezani: Kisa cha Grassy Narrows

Tunapofundisha msamiati wa madini, neno zebaki huwa halitukawizi. Tunasema ni metali ya majimaji yenye rangi ya fedha, kisha tunapita. Hata hivyo, neno hili lina historia ambayo sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili hapa Uganda hatuna budi kuifahamu, na sehemu yake moja iko Kanada.

Kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ontario wanaishi Waanishinaabe wa Grassy Narrows. Tangu enzi za mababu chakula chao kilitoka majini. Walivua samaki, hasa aitwaye walleye, na mwishoni mwa majira ya joto walipitisha mitumbwi katikati ya mpunga wa mwitu, wauitao manoomin, wakiukung'uta kwa vijiti ili punje ziangukie mtumbwini. Watoto waliandamana na wazee. Humo humo kazini walijifunza majina ya vitu katika lugha yao.

Kati ya mwaka 1962 na 1970, kiwanda cha mjini Dryden, upande wa juu wa mto Wabigoon, kilimwaga majini zaidi ya kilo 9,000 za zebaki. Kiliitumia kutengenezea klorini ya kung'arishia karatasi. Katika tope la mto, bakteria huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi. Sumu hiyo huingia katika wadudu, kisha samaki wadogo, kisha wakubwa, ikiongezeka kila hatua. Haionekani, hainuki, na kupika hakuiondoi.

Mwaka 1970 serikali ya jimbo ilifunga uvuvi wa biashara. Wavuvi, pamoja na waliowaongoza watalii kuvua, wakapoteza ajira. Mwaka 1975 daktari Masazumi Harada alifika kutoka Japani, akakuta watu wenye ganzi mikononi na miguuni, mitetemeko na macho yasiyoona pembeni. Dalili hizo alikwisha kuziona kwao, Minamata. Bodi ya fidia iliundwa mwaka 1986. Mwaka 2017 Ontario iliahidi dola za Kanada milioni 85 za kusafisha mto.

Fidia hununua chakula cha dukani. Lakini mzazi anayeogopa kumlisha mwanawe samaki hana sababu ya kumpeleka mtoni, na mtoto asiyekwenda mtoni atayasikia wapi maneno ya mtoni? Hapo ndipo hasara ya chakula inapokuwa hasara ya lugha.

Nasi tusidhani kisa hiki ni cha mbali. Huko Busia wachimbaji wadogo wamekuwa wakitumia zebaki kukamatia dhahabu, ijapokuwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unataka matumizi hayo yapunguzwe na, inapowezekana, yakomeshwe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Safari hii chaweza kuwa sahanini. Basi neno zebaki likitokea tena darasani, tusilipite upesi.