Vioo vya Rangi vya Kisasa katika Kanisa Kuu la Reims

Vioo vya rangi vya kisasa vya Kanisa Kuu la Notre-Dame mjini Reims, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, ni madirisha yaliyotengenezwa katika karne ya 20 na ya 21 baada ya sehemu kubwa ya vioo vya kale kupotea. Yanayojulikana zaidi ni ya Marc Chagall (1974) na ya Imi Knoebel (2011 na 2015). Ujenzi wa kanisa hilo ulianza mwaka 1211, na humo ndimo wafalme wengi wa Ufaransa walimotawazwa. Tangu 1991 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni mfano mzuri sana wa jengo la kale lililopokea kazi ya wasanii wa zama zetu na kubaki na heshima yake.

Kupotea kwa vioo vya kale

Hasara ilianza kabla ya vita vya karne ya 20. Katika karne ya 18, mapadre waliosimamia kanisa walitaka mwanga zaidi, wakaondoa vioo vya rangi vya madirisha ya chini na kuweka vioo vyeupe. Vioo vya karne ya 13 vikabaki hasa katika madirisha ya juu.

Pigo kubwa lilikuja tarehe 19 Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Makombora ya Wajerumani yalipolipiga kanisa, jukwaa la mbao lililokuwa limefungwa kwenye mnara wa kaskazini kwa ajili ya ukarabati lilishika moto, na moto ukapanda hadi paani. Madini ya risasi yaliyoezekea paa yaliyeyuka na kuchuruzika kupitia midomo ya mifereji ya mawe. Mashambulizi yaliendelea kwa vipindi hadi 1918.

Ukoo wa Simon

Mengi yaliyookolewa yaliokolewa na mafundi wa Reims wenyewe. Jacques Simon, wa ukoo uliofanya kazi ya vioo mjini humo tangu karne ya 17, alishiriki kuvitoa vioo kanisani wakati mji ungali unapigwa. Baada ya vita alitumia nakala za michoro ambazo ukoo wake ulikuwa umezihifadhi, akatengeneza upya vioo vilivyovunjika kwa kufuata sura yao ya awali. Mahali ambapo mchoro haukuwapo, ilibidi kubuni. Mwaka 1954 alikamilisha dirisha jipya linaloonyesha kazi ya wakulima wa zabibu na watengenezaji wa mvinyo wa Champagne. Binti yake, Brigitte Simon, na mkwewe, Charles Marq, waliiendeleza karakana hiyo, na Brigitte mwenyewe aliweka kanisani madirisha ya rangi za kijivu yasiyo na sura za watu.

Madirisha ya Chagall

Marc Chagall, mchoraji Myahudi aliyezaliwa mwaka 1887 huko Vitebsk, katika nchi ya Belarus ya leo, alikuwa amekwisha kufanya kazi na Marq kwenye Kanisa Kuu la Metz. Kwa Reims alichora madirisha matatu ya kikanisa kilicho nyuma kabisa ya altare kuu, yaliyozinduliwa mwaka 1974. La katikati linaweka habari za Abrahamu kando ya mateso na ufufuko wa Kristo. La kushoto ni ukoo wa Yesu unaochipuka kutoka kwa Yese. La kulia linasimulia historia ya Reims: ubatizo wa Mfalme Clovis, kutawazwa kwa Mfalme Louis IX (Mtakatifu Louis), na shujaa Jeanne d'Arc akihudhuria kutawazwa kwa Mfalme Charles VII.

Utengenezaji wake ulidai kazi ya watu wawili. Marq aliandaa vioo vya matabaka mawili, utando mwembamba wa rangi juu ya kioo cheupe. Asidi ilipopakwa ilikula utando huo kidogo kidogo, hivyo kipande kimoja kikaweza kutoka buluu iliyokolea hadi weupe bila kukatwa. Kisha Chagall alichora juu yake kwa mkono wake, akitumia rangi nyeusi ya unga wa kioo na oksidi za metali, akaikwangua ili mwanga upenye. Vipande vilichomwa katika tanuri ili rangi ishike, vikaunganishwa kwa vipapi vya risasi. Buluu inayotawala madirisha hayo inapatana na ile ya vioo vya karne ya 13 vilivyobaki kanisani.

Madirisha ya Knoebel

Katika maadhimisho ya miaka 800 ya kanisa, tarehe 25 Juni 2011, yalizinduliwa madirisha sita ya Imi Knoebel, msanii Mjerumani aliyezaliwa Dessau mwaka 1940. Yako pande zote mbili za kazi ya Chagall. Hayana watu wala hadithi. Ni vipande vyenye ncha kali vya nyekundu, buluu, manjano na nyeupe, vilivyopandana kana kwamba vimerushwa na mlipuko, lakini risasi imevishika kila kimoja mahali pake.

Uamuzi wa kumpa kazi hiyo Mjerumani ulikuwa na uzito mkubwa. Katika kanisa hilo ndimo Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa na Kansela Konrad Adenauer wa Ujerumani Magharibi walimosali pamoja mwezi Julai 1962 kuashiria upatanisho wa mataifa yao. Mwaka 2015 Knoebel aliongeza madirisha matatu katika kikanisa cha Jeanne d'Arc, zawadi ya Ujerumani kwa Reims. Taifa ambalo mizinga yake ilivivunja vioo likaleta vioo.

Mjadala wa uhifadhi

Mkataba wa Venice wa 1964, ambao ni mwongozo wa wahifadhi wa majengo ya kale, unataka sehemu mpya ipatane na jengo zima na wakati huohuo itofautike na ya asili, ili historia isipotoshwe. Madirisha ya Reims yanatimiza yote mawili: yanafuata fremu za mawe za kale, na hakuna atakayeyadhania kuwa ya karne ya 13.

Hali ni tofauti katika Notre-Dame ya Paris, iliyoungua tarehe 15 Aprili 2019. Huko serikali iliamua kuweka madirisha sita mapya, na Desemba 2024 ilimteua msanii Claire Tabouret. Lakini vioo vinavyotakiwa kuondolewa, vya karne ya 19, havikuharibiwa na moto. Tume ya kitaifa ya urithi na usanifu ilikuwa imepinga mpango huo Julai 2024, na pingamizi hilo lina msingi. Pengo lililoachwa na vita lina haki ya kujazwa na msanii aliye hai, lakini kioo kizima kilichosalimika na moto hakipaswi kuondolewa kwa sababu tu kizazi kipya kinataka kuacha alama yake.