Majina ya Matendo ya Hisabati kwa Idadi ya Vitendwa

Alama ya kutoa ina kazi mbili. Katika 8 − 3 hudai namba mbili. Katika −3 hudai moja tu. Wanamantiki na wataalamu wa kompyuta huyaainisha matendo kwa idadi hiyo, na mfasiri hana budi kuipatia kila aina jina lake.

Wazungu waliyachukua majina yao katika Kilatini, wala hawakuyalinganisha. Jina la aina ya pili na la aina ya tatu yalitokana na bini na terni, yaani mbili mbili na tatu tatu. La kwanza likatokana na unus, namba ya kuhesabia tu. Kwa kanuni lingetokana na singuli, na ndivyo alivyoliandika Mmarekani Alonzo Church katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1956. Wengi hawakumfuata.

Kwetu, tangu Baraza liundwe kwa Sheria ya mwaka 1967, istilahi hupimwa pia kwa masikio ya watumiaji. Tuchukue Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement kutoka Kanada alianzisha makumbusho ya Wasukuma na kuziingiza ngoma zao katika ibada. Hapo wafugaji na waumini ni watu wale wale. Ukitaja “tendo la utatu”, watasikia Utatu Mtakatifu. Neno “hasi” humkumbusha mfugaji fahali aliyehasiwa. Hata hivyo shuleni limekubalika kwa namba zilizo chini ya sifuri, maana muktadha hulitenga.

Muktadha hauliokoi jina “tendo la pili”. Mpe mwanafunzi 8 − 3 + 2, umwambie aonyeshe tendo la pili: ataonyesha kujumlisha, wala hatakuwa amekosa. Kumbe yote mawili hudai namba mbili! “Tendo la mbili mbili”, ingawa lafanana na Kilatini, ladokeza kazi inayorudiwa.

Sisi twapendelea tendo la kitendwa kimoja, la vitendwa viwili, la vitendwa vitatu. Ni marefu, lakini ngeli yenyewe yaonyesha kinachohesabiwa. Mahali pafinyu, kama katika jedwali, yatosha “la kimoja”, “la viwili”. Na lile lisilodai chochote, ambalo Kilatini kiliwatatiza wengi, kwetu ni tendo lisilo na kitendwa.