Kinga Iliyomo Katika Damu

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa ambao majumbani mwetu hutajwa kwa sauti ya chini: selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita. Mtoto huvimba vidole, hulia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho huwa ya manjano, damu humpungukia mara kwa mara. Ndipo maneno huanza. Kuumeni husema ni damu mbaya ya mama. Kikeni husema pana mkono wa mtu. Ndoa ngapi zimevunjika kwa maneno hayo! Kutafuta mwenye kosa ni jambo la zamani. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza hivyo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, na jibu walilopewa halikumtia mzazi yeyote hatiani.

Basi na tuitazame habari yenyewe, maana sehemu yake kubwa ilifumbuliwa hapa kwetu Kenya.

Mwaka 1949 kijana Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyelelewa Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Yeye alijishughulisha na kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona ajabu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika 100 walikuwa na alama ya selimundu katika damu, nao ni wazima kabisa. Kwenye nyanda za juu na nchi kavu hawakufika hata mmoja katika 100. Akajiuliza: ugonjwa unaoua watoto kabla hawajakua wakazaa, mbona haujaisha? Na mbona umekaa palepale penye mbu? Alirudi mwaka 1953 akachunguza, na mwaka 1954 akatangaza jibu: mwenye kurithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu hulindwa na malaria.

Alama yenyewe ni ndogo mno. Wekundu wa damu hutokana na protini iitwayo himoglobini, ambayo ni kama nyuzi za ushanga zilizotungwa pamoja. Mwaka 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, alionyesha kwamba katika uzi wenye shanga 146, ni ushanga mmoja tu uliobadilika, ule wa 6. Mtoto akipata uzi huo kwa baba na kwa mama, wote wawili, ndipo anapougua. Wazazi wote wawili wakiwa na alama, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mgonjwa. Basi hakuna mama aliyemletea mwanawe selimundu peke yake. Kuumeni na wasikie hilo.

Lakini damu ina protini nyingine zenye kazi ya ulinzi. Mwaka 1961 Cohen, McGregor na Carrington walieleza jinsi walivyotoa globulini za gama katika damu ya watu wazima wa Gambia, waliozoea malaria tangu utoto, wakawadunga watoto wagonjwa. Vijidudu vikapungua sana. Mwaka 1963 ikaelezwa kwamba globulini za Afrika Magharibi zimejaribiwa pia juu ya malaria ya Afrika Mashariki.

Je, ushanga ule na ulinzi huu vina uhusiano? Jibu lilitafutwa Kilifi, mbele tu kwa barabara ipitayo Kisauni. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba wenye alama walikingwa kwa karibu asilimia 90 na malaria kali. Tena, walipofuata malaria ya kawaida, waliona kinga ikikua pamoja na mtoto: asilimia 20 katika miaka miwili ya kwanza, hata 56 afikapo miaka 10. Kama ingekuwa kazi ya himoglobini peke yake, ingekuwa sawa tangu mwanzo. Yaelekea alama hiyo huusaidia mwili kujifunza upesi kumjua adui.

Mtoto mgonjwa mwenyewe hana bahati hiyo. Wengu wake huharibika mapema, na malaria na nimonia humwangusha haraka. Asikose chandarua, chanjo zake, na kliniki. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya dawa ya haidroksiyurea kwa watoto wa nchi nne za Afrika, wa Kilifi wakiwamo: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua.

Nanyi mlio wachumba, kipimo chake ni cha damu kidogo tu. Kakiombeni wote wawili, si msichana peke yake.