Horombo ina intaneti, lakini haina moto

Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwenye njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro. Mpanda mlima sasa anaweza kukaa kitandani Horombo akaongea kwa video na ndugu zake walioko Berlin au Bukoba. Akishawaaga, analala katika chumba cha mbao kisicho na hita wala jiko, kwa sababu vibanda vya wageni Kilimanjaro havipashwi joto. Jambo hilo lina historia ya zaidi ya miaka 130.

Wenyeji wa miteremko hii waliimudu baridi zamani sana. Nyumba ya asili ya Mchagga ilikuwa ya msonge, imeezekwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba kutoka juu hadi karibu na ardhi. Ndani kulikuwa na mafiga, na ng'ombe na mbuzi walifungwa humo humo. Joto la moto na la mifugo halikuwa na pa kutokea. Lakini nyumba hizo ziliishia panapoishia vihamba, yaani mashamba ya migomba ya familia. Juu yake ni msitu, na juu ya msitu hapakuwa na kijiji.

Huko juu hali ni nyingine. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Ndiyo maana usiku wa Februari mjini Moshi watu hulala feni zikizunguka, na usiku huo huo katika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kuna baridi ya kugandisha maji.

Mjerumani Hans Meyer alilijua hilo alipofika Marangu kwa Mangi (mtawala) Mareale mwaka 1889. Safari zake za awali zilikuwa zimeshindikana, hivyo safari hii alipanga kambi za mahema kwa hatua na kupandishiwa chakula kutoka Marangu. Tarehe 6 Oktoba yeye na Ludwig Purtscheller, raia wa Austria, walifika kileleni. Katika kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani, zaidi ya wiki mbili akilinda kambi na kuwasha moto. Mtu wa pwani ndiye aliyelitunza joto la safari ile, na ni wachache leo wanaolijua jina lake.

Mwaka 1912 Wajerumani waliweka njia na kujenga vibanda viwili, kimoja wakakiita Bismarck na kingine Peters. Kibanda cha Kibo kikafuata mwaka 1932, enzi ya Waingereza. Baada ya uhuru majina ya wakoloni yaliondolewa. Kituo cha kwanza kikapewa jina la Mandara, Mangi wa Moshi, na cha pili jina la Horombo, Mangi wa Keni huko Rombo. Miaka ya 1970 Norway ilifadhili vibanda vipya vya mbao, vyenye paa linaloshuka hadi karibu na ardhi. Kwa umbo havikuwa mbali na nyumba ya Mchagga, ila havikuwa na mafiga wala mifugo.

Wakati huo waliolala kwenye mahema na mapangoni walikuwa bado wakikata kuni. Juu ya msitu kuna mimea michache ya kuchoma, mmoja wao ukiwa senesio kubwa. Mti huu haudondoshi majani yaliyokufa. Yanabaki yamelizunguka shina kama blanketi, yakizuia maji ya ndani yasigande usiku. Hukua sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo shina linalomzidi mtu kimo ni la miongo mingi. Moto wa kambi hulimaliza kwa usiku mmoja.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi mwaka 1977. Baadaye kuni zilipigwa marufuku, na wapishi wakahamia kwenye mafuta ya taa na gesi. Asiyeona sababu akumbuke Oktoba 2020, moto ulipoanzia eneo la Whona kati ya Mandara na Horombo na kuteketeza uoto kwa siku kadhaa. Kuwasha jiko ndani ya hema nako ni hatari, liwe la mkaa au la gesi. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua mtu usingizini.

Kwa hiyo joto la Kilimanjaro limehama kutoka kwenye moto hadi kwenye mwili wa mtu: koti la manyoya, godoro la sponji chini, mfuko wa kulalia unaostahimili baridi kali. Jioni mpishi huchemsha maji, chupa ya kunywea ikajazwa, ikafungwa barabara na kuvishwa soksi, kisha ikawekwa miguuni ndani ya mfuko. Asubuhi maji yale yale hunywewa njiani.

Vifaa hivyo huanza kwa mgeni, na mpagazi hufikiwa mwisho. Wapo wanaopanda na koti la mtumba kutoka soko la Memorial na kulala wamebanana katika hema la kulia chakula, baada ya kubeba mzigo wa hadi kilo 20. Tangu 2003 mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, wenye makao Moshi, umekuwa ukiwaazima nguo za baridi bila malipo na kufuatilia kampuni zinavyowatendea.

Hita hazihitajiki huko juu. Ujuzi wa kulala salama bila moto upo, na vifaa vinauzwa na kukodishwa hapa hapa Moshi. Kilichobaki ni haki ya mgawanyo. Ukipanga kupanda, kabla ya kulipa iulize kampuni wapagazi wanalala wapi na wanajifunika nini. Wakianza kubabaika, ondoka. Moshi haina upungufu wa kampuni.