Manowari na deraya

Neno manowari tumelitohoa kutoka Kiingereza, na kila meli ya kivita tunaibandika jina hilo. Lakini meli hizo hazilingani. Dreadnought ya Uingereza, iliyoshushwa majini mwaka 1906, ilikingwa ubavuni kwa deraya ya milimita 279 na ilikwenda maili 21 za baharini kwa saa. Meli nyingine ya Uingereza, Invincible, ilibeba mizinga ileile ya inchi 12, ikafikia maili 25. Kasi hiyo iligharimu deraya, ikabaki milimita 152. Mwaka 1916, katika mapigano ya Jutland, ililipuka na kuzama.

Kwetu Mkoa wa Pwani, tuwe Kibaha au Kisarawe, manowari tunayoijua ni Königsberg ya Wajerumani, iliyojificha katika delta ya Rufiji na kuangamia huko tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ilikuwa ya milimita 105 tu. Haikuwa daraja la hizo mbili.

Waandishi wenzangu, tutofautishe: manowari ya deraya nene, manowari kubwa ya kasi, manowari nyepesi. Neno manowari peke yake halimtoshi msomaji.