Skafu Ilitangulia: Historia Fupi ya Skauti Kenya, Ikitazamwa kutoka Kegonga

Ukimwuliza mtu sokoni Kegonga, katika nchi ya Wakuria karibu na mpaka wa Tanzania, skauti ni nani, huenda akakuambia ni yule mtoto wa skafu anayewapanga watu mistari siku ya Madaraka na kuwapelekea wazee maji ya kunywa pale jukwaani. Jibu hilo si baya, ila limemsahau mtu mmoja: mwalimu aliyesimama nyuma ya mtoto huyo. Historia ya skauti nchini Kenya imesimuliwa mara nyingi kwa majina ya wakubwa wa Nairobi na kaburi la mwanzilishi wake huko Nyeri. Hapa tunaisimulia kwa kufuata swali ambalo hotuba za maadhimisho hulipita haraka, nalo ni nani aliyefundishwa kuwaongoza watoto, alifundishwa wapi, na mafunzo hayo yaliwafikiaje watu wa mpakani.

Mwanzo wenyewe unajulikana. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell, afisa wa jeshi la Uingereza, aliwachukua wavulana ishirini hivi hadi kisiwa cha Brownsea, akawagawa katika vikosi vinne na kuwaachia kila kikosi kijiongoze. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha Scouting for Boys. Kufikia 1910 skauti walikuwa tayari Nairobi, mji ambao wenyewe ulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja tu tangu reli ifike.

Lakini si kila mtoto wa Nairobi aliyekaribishwa. Makundi ya kwanza yalikuwa ya watoto wa Kizungu. Wahindi na Waafrika walifuata baadaye, kila jamii na kundi lake. Hapo ndipo sheria za skauti zilipowakwaza wenyewe waliozileta, kwa sababu sheria ya nne ilisema skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine, na serikali ya kikoloni haikuwa na nia yoyote ya undugu huo. Mwanahistoria Timothy Parsons, katika kitabu alichokitoa mwaka 2004 kuhusu skauti katika Afrika ya Waingereza, ameonyesha jinsi Waafrika walivyoishika sheria hiyo na kuwauliza watawala maswali magumu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sura bora zaidi ya historia hii, na ni ajabu kwamba watoto wetu hawafundishwi.

Makundi ya Waafrika yalizaliwa zaidi katika shule za misheni. Jambo hilo liliamua mengi ambayo bado tunaishi nayo. Uingereza, kundi lingeweza kuwa la mtaa au la kanisa, likiongozwa na karani au fundi aliyejitolea jioni baada ya kazi. Kwetu kundi lilikuwa la shule, na kiongozi akawa mwalimu, mara nyingi kwa kuteuliwa na mwalimu mkuu. Hata leo katika shule nyingi mwalimu mgeni hukabidhiwa skauti katika kikao cha kwanza cha muhula, kama anavyokabidhiwa zamu ya lango au klabu ya mazingira. Akikubali, anapewa sanduku lenye skafu za zamani, kamba mbili na bendera, halafu anaachwa.

Mwanzilishi mwenyewe aliuona upungufu huo mapema. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, vuguvugu lake lilikuwa na watoto wengi kuliko watu wazima waliojua la kufanya nao. Septemba 1919, katika uwanja wa Gilwell nje kidogo ya London, yalifanyika mafunzo ya kwanza ya viongozi, yaliyokuja kuitwa Wood Badge. Aliyehitimu alipewa shanga mbili za mti katika uzi wa ngozi. Shanga za kwanza zilitolewa kwenye mkufu ambao Baden-Powell alisema ulikuwa wa Dinizulu, mfalme wa Wazulu. Namna ulivyomfikia inabishaniwa hadi leo. Kwa hiyo shanga za Kiafrika zilivuka bahari, zikafanywa cheti cha Kiingereza, kisha zikarudi Afrika shingoni mwa wakufunzi.

Kilichokuwa kipya Gilwell ni jinsi watu wazima walivyofundishwa. Hawakukalishwa darasani kuandika maelezo ya mhadhiri. Waligawanywa katika vikosi, wakalala kwenye mahema, wakapika wenyewe, wakaosha sufuria, wakachaguana kuongoza, wakagombana na kupatana. Mantiki yake ni kwamba mtu hawezi kumwachia mtoto wa miaka kumi na mitatu aongoze wenzake saba ikiwa yeye mwenyewe hajawahi kuwa mmoja wa wale saba, akingojea chakula kilichoungua kwa sababu kiongozi wa kikosi alisahau kugawa kazi. Mwalimu wetu amezoea kusimama mbele. Wood Badge humtoa mbele. Ni somo gumu kwa mtu aliyetoka chuo cha ualimu, na pengine ndiyo sababu wengine hulikwepa.

Nyeri tuipite upesi, maana kila mtoto wa skauti anaijua. Baden-Powell na mkewe Olave walihamia huko mwaka 1938, katika nyumba ndogo ya Paxtu kwenye hoteli ya Outspan. Alifariki tarehe 8 Januari 1941 akiwa na miaka 83, na juu ya kaburi lake kuna ile alama ya njia, duara lenye nukta katikati, inayosema kwamba mwenye kuiacha amekwenda nyumbani. Majivu ya Olave yalizikwa hapo pia baada ya kifo chake mwaka 1977. Kila Februari, karibu na tarehe 22 aliyozaliwa mwanzilishi huyo, skauti hufurika Nyeri.

Mahali penye uzito zaidi kwa simulizi hii ni Rowallan, kambi iliyo ukingoni mwa msitu wa Ngong, jirani na Kibera. Ilipewa jina la Lord Rowallan, aliyekuwa Skauti Mkuu wa Uingereza na himaya yake kuanzia 1945 hadi 1959. Viongozi wa Kenya walikwenda huko kulala kwenye mahema na kuosha sufuria kwa mtindo ule ule wa Gilwell. Baada ya uhuru, Kenya ilijiunga na shirika la skauti la dunia mwaka 1964 kama chama kinachojitegemea, na rais wa nchi akawa mlezi mkuu wa skauti. Jeremiah Nyagah, waziri wa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa waliokiongoza chama hicho. Mwaka 1969, katika mkutano wa Helsinki, vyama vya nchi vilipewa uhuru wa kupanga mafunzo ya viongozi wao bila kungoja Gilwell. Miaka minne baadaye, mwaka 1973, mkutano wa dunia ulifanyika Nairobi, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika.

Uhuru wa kupanga mafunzo ulikuja, lakini mafunzo yenyewe yalibaki karibu na barabara kuu. Hebu mfikirie mwalimu wa Kegonga wa miaka hiyo. Kegonga ilikuwa ndani ya wilaya ya South Nyanza, ambayo makao yake yalikuwa Homa Bay, ng'ambo ya nchi ya Waluo. Skauti walifuata mipaka ya serikali, kwa hiyo barua ya wilaya ilipitia huko. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Migori ilipata wilaya yake, kisha Kuria ikafuata. Lakini Rowallan ilibaki mahali pake, safari ya kutwa nzima, na nauli ilitoka mfukoni mwa mwalimu au haikutoka kabisa. Skafu ilikuwa nyepesi kusafirisha. Ilifika kwanza.

Julai na Agosti 2010 Rowallan ilipokea mkutano wa dunia wa skauti vijana, wale tunaowaita Jasiri. Nao pia ulikuwa wa kwanza wa aina yake barani. Wageni wakiwa bado kwenye mahema yao, Wakenya walipiga kura tarehe 4 Agosti na kuipitisha Katiba mpya. Katiba hiyo ilileta kaunti, na Kegonga ikawa makao ya Kuria Mashariki ndani ya kaunti ya Migori. Sijui kama wageni wale walielewa kilichokuwa kikitokea nje ya ua, lakini kwa skauti wa pembezoni kura ile ilikuwa na maana kuliko mkutano. Kaunti ilileta mantiki mpya, kwamba mkufunzi amfuate mwalimu alipo badala ya mwalimu kumfuata mkufunzi.

Mwalimu akishafundishwa, hurudi kupanga mwaka, na hapo Kegonga huanza kumfundisha upya. Chama kimewagawa watoto kwa umri: Sungura ni wadogo wa shule ya msingi, Chipukizi ni wale wanaoingia ujana, Mwamba ni wa sekondari, na Jasiri ni vijana hadi miaka 26. Kwenye karatasi ngazi hizo zimepangika vizuri. Katika shule ya kijijini wote wana mwalimu mmoja, uwanja mmoja na saa moja ya Ijumaa kabla ya mvua.

Halafu kuna kalenda ambayo haimo katika kitabu chochote cha mafunzo. Jumamosi, siku ambayo skauti wa Nairobi hupanda mlima, haifai hapa kwa watoto wengi, kwa kuwa Waadventista Wasabato ni wengi katika Kuria. Jumapili ni ya Wakatoliki na wengine. Tumbaku inapochumwa na kukaushwa, nyumbani wanahitaji kila mkono. Mvua ndefu za Machi hadi Mei hugeuza udongo wa vilima hivi kuwa utelezi, na mwalimu aliyepanga matembezi ya kilomita kumi wakati huo ataongoza watoto waliobeba viatu mikononi. Hata mchezo mzuri wa usiku wa kunyatiana na kupiga filimbi una tatizo lake. Kegonga iko karibu na mpaka wa Tanzania, na upande wa mashariki inapakana na Wamaasai wa Trans Mara, na wizi wa mifugo una historia ndefu kati ya jamii hizi. Filimbi na kelele gizani huwatoa watu vitandani wakiwa na silaha. Kiongozi mwenye busara humwarifu chifu, kituo cha polisi na nyumba za jirani kabla ya kuwasha kurunzi ya kwanza.

Kwa upande mwingine, mtoto wa Kikuria huja na elimu ambayo mtoto wa mjini hulipia. Amechunga ng'ombe. Anajua kwato zilizopita asubuhi na zilizopita jana, anajua mti upi unawaka ukiwa mbichi, na anaweza kufunga ndama kwa fundo ambalo halimo katika mwongozo lakini halifunguki. Nimewasikia wakufunzi wakilalamika kwamba watoto wa vijijini hawajui mafundo. Yawezekana hawajui majina yake tu. Mpango mzuri wa muhula huanza na yale mtoto anayoyajua, kisha humwomba awafundishe wenzake, na hapo kikosi kinakuwa kikosi kweli.

Mwezi mgumu kuliko yote ni Desemba. Shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka ndipo msimu wa tohara hufika, pale baraza la wazee, inchama, linapoufungua mwaka huo kwa ukoo husika. Wavulana hutahiriwa kwa nyimbo na maandamano. Wasichana nao, katika familia ambazo hazijaacha, hukeketwa, ingawa sheria ya mwaka 2011 imeupiga marufuku ukeketaji waziwazi. Kiongozi wa skauti hawezi kusema hayo si yake. Likizo ile ile ambayo mwongozo unaiona nzuri kwa kambi ya wiki moja ndiyo likizo ambayo msichana wa Chipukizi anaweza kupotea asirudi darasani Januari.

Ndiyo maana upande wa ulinzi wa mtoto katika mafunzo ya viongozi una uzito mkubwa hapa kuliko mahali pengi. Mwaka 1993 huko Bangkok mkutano wa dunia ulipitisha sera ya watu wazima katika skauti, iliyosema wachaguliwe kwa uangalifu, wafundishwe, waungwe mkono, na kazi yao ipimwe. Tangu hapo kanuni zimekazwa zaidi: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto faraghani, mahema ya watoto na ya viongozi yatenganishwe, na malalamiko yawe na mahali pa kupelekwa. Kenya inawaandikisha wasichana na wavulana katika skauti, na chama cha Girl Guides, kilichoanza nchini mwaka 1920, kinaendelea pembeni yake. Kundi lenye wasichana likiwa na viongozi wanaume peke yao, lina pengo ambalo hakuna skafu itakayoliziba. Kama kaunti ina nafasi chache za kozi, nafasi ya kwanza kutoka Kuria Mashariki ingefaa iende kwa mwalimu wa kike.

Kambi ya Desemba, kwa hiyo, hupangwa kuanzia muhula wa pili. Kwanza mwalimu huwaita wazazi, mama na baba wote wawili, na kuwaeleza watoto watalala wapi, watapikiwa na nani, na watarudi siku gani. Barua ya ruhusa huandikwa kwa Kiswahili chepesi na husomwa kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Chifu hupewa nakala, na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo hupewa orodha ya wanaokwenda. Chakula huombwa kwa wazazi kwa debe la mahindi na maharagwe badala ya pesa, kwa sababu mwisho wa mwaka karo ya Januari tayari inasubiri. Na viongozi watakaolala kambini hutajwa kwa majina mapema, kisha mwalimu mkuu huthibitisha ni yupi kati yao aliyekwisha kufunzwa na ni yupi anayekwenda kwa mara ya kwanza, ili wasipangiwe zamu moja ya usiku wote wakiwa wageni wa kazi hiyo.